Kilomita Zilizofunguliwa, Vijito Visivyovukwa

Ukitoka Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kwenda bara, unaliacha ziwa mgongoni upesi na vilima vinaanza. Barabara kubwa zinahesabika: ya kaskazini inaelekea Bendera na Fizi, ya magharibi inaelekea Nyunzu na Kabalo, ya kusini inaelekea Moba na nyanda za juu za Marungu. Katikati ya barabara hizo kuna vijiji vingi ambavyo gari halijafika kwa miaka. Kinachoviunganisha na soko ni baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita huku. Kwa kinga, mahindi, muhogo, karanga, mawese na makaa hushuka mjini. Kwa kinga hiyohiyo, chumvi, sabuni, ndagala wakavu, vitambaa na dawa hupanda vijijini.

Ikishabeba mzigo, baiskeli hiyo haipandwi, inasukumwa. Fimbo ndefu hufungwa kwenye usukani ili msukumaji aiongoze akitembea kando yake, na nyingine husimamishwa nyuma ya kiti apate pa kusukumia na pa kuzuilia. Magunia mawili au matatu hulazwa juu ya fremu, mzigo wa kilo mia na zaidi. Penye mwinuko watu husaidiana, mmoja akitangulia na kamba. Penye mteremko, breki peke yake haitoshi. Kinachozuia ni kisigino na nguvu za mikono. Akifika kijitoni ambako gogo limelazwa badala ya daraja, msukumaji hufungua kamba, hushusha gunia moja moja, huvusha kila moja kichwani, kisha huvusha baiskeli na kufunga upya. Kijito cha mita nne kinaweza kumlia saa nzima. Kama mvua imenyesha juu mlimani, hulala hapohapo akingoja maji yapungue.

Kwa sababu hiyo, mipango ya kufungua na kuboresha njia za vilimani hurudi mara kwa mara. Huitwa kwa majina tofauti: njia za kuhudumia kilimo, vijia vya soko, njia za kuunganisha vijiji na kituo cha afya, na siku hizi pia njia za utalii wa baiskeli. Makala haya hayahukumu mradi wowote. Yanafuata hatua ambazo miradi ya namna hii hupitia, kuanzia karatasi hadi mguu wa mtumiaji, na kupima kinachoahidiwa kwa kinachojengwa.

Kinachoahidiwa

Ahadi za kawaida ni nne. Ya kwanza ni urefu: njia itatoka kijiji fulani hadi soko fulani, kilomita kadhaa. Ya pili ni muda: kazi itaisha ndani ya kiangazi kimoja. Ya tatu ni matumizi: njia itapitika mwaka mzima. Ya nne ni ajira: wanakijiji watalipwa kwa kufyeka, kuchimba na kubeba mawe, na baada ya ujenzi kamati yao itaitunza njia.

Hakuna iliyo ya uongo kati ya hizo. Kila moja imewahi kutimia mahali fulani. Tatizo ni kwamba hazina uzito sawa, wala hazipimwi kwa kipimo kimoja. Urefu hupimwa kwa urahisi: mtu hupita na kifaa cha GPS mkononi na jibu likapatikana siku hiyohiyo. Muda husomwa kwenye kalenda. Ajira huhesabiwa kwa orodha ya malipo. Ahadi ya njia kupitika mwaka mzima ndiyo ngumu kupima, maana jibu lake halipatikani mpaka masika yapite, na masika yanapopita, mara nyingi waliojenga wamekwisha kuondoka. Hivyo ahadi ambayo mtumiaji anaijali kuliko zote ndiyo ambayo taarifa za mradi huigusa kwa maneno machache.

Mpango unapochorwa

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina, kwa hesabu rasmi, kilomita 152,400 za barabara, na kati ya hizo kilomita 86,871 ni barabara za kuhudumia kilimo. Jimbo la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, likapewa teritwari sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Lilirithi sehemu yake ya mtandao huo pamoja na uchakavu wake. Mpangaji anayekaa ofisini mbele ya ramani huona mistari. Lakini mistari mingi ilichorwa zama ambazo vijiji vililazimishwa kukaa kando ya barabara na wanavijiji kulazimishwa kuzitunza. Kijiji kilichoandikwa kwenye ramani huenda kimehama. Daraja lenye alama huenda limebaki nguzo mbili.

Kuna pia suala la watu kuhama. Mapigano ya mwaka 2016 na 2017 kati ya Batwa na Baluba yaliwaondoa mamia ya maelfu ya watu vijijini mwao katika jimbo hili. Wengine walirudi, wengine wakafanya makazi mapya karibu na Kalemie na Nyunzu. Njia iliyopangwa kwa hesabu za kabla ya hapo inaweza kuelekea pasipo na mkulima na kupita mbali na palipo na wakulima wengi. Hesabu ya watumiaji inahitaji kufanywa upya kwa macho, siku ya soko na siku isiyo ya soko, kabla ya kuamua njia ianzie wapi.

Hatua ya upimaji ndiyo inayobanwa zaidi na muda, kwa kuwa haina kitu cha kuonyesha. Wiki tatu za kutembea na machifu wa vijiji na wasukuma kinga wenyewe haziachi jiwe wala bango. Hata hivyo ndipo bei ya mradi inapoamuliwa. Anayepita njia wakati wa kiangazi huona bonde kavu na kuandika kilomita moja ya kawaida. Anayeisukuma kinga hapo kila mwaka anajua kwamba bonde hilo hugeuka tope la magotini kuanzia Desemba. Tofauti kati ya maelezo hayo mawili ni tuta la mawe la mita mia mbili, na tuta hilo likikosa kuandikwa kwenye mpango, halitakuwa na fedha.

Kalenda mbili

Kalemie ina msimu wa mvua unaoanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kiangazi ni miezi mitano hivi. Hiyo ndiyo kalenda ya udongo. Kalenda ya fedha ni nyingine: mwaka wa bajeti huanza Januari, matumizi huidhinishwa hatua kwa hatua, na zabuni hufuata taratibu za sheria ya manunuzi ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010, zenye tangazo, muda wa kupokea maombi, uchambuzi na kipindi cha malalamiko. Taratibu hizo zina maana yake, kwani zinalinda fedha ya umma. Wafadhili wa nje nao wana taratibu zao, na wakati mwingine mradi hulazimika kufuata zote mbili.

Ukiziweka kalenda hizo mbili pamoja, utaona tatizo linatokea wapi. Fedha inayoidhinishwa mwanzoni mwa mwaka hufikia mkataba katikati ya mwaka. Mkandarasi hukusanya watu na vifaa Julai au Agosti. Vifaa vingine huja kwa meli kutoka ng'ambo ya ziwa, vingine kwa reli ya kutoka Kabalo, ile ya kilomita 273 iliyofika Kalemie mwaka 1915, ambayo mwendo wake siku hizi hautabiriki. Kazi yenyewe huanza Septemba. Mvua huanza Oktoba. Mradi uliopewa kiangazi kizima kwenye karatasi hupata wiki chache ardhini, kisha husimama. Tarehe ya kumaliza husogezwa mwaka mmoja mbele, si kwa uzembe wa mtu, bali kwa sababu miezi ya saini na miezi ya jembe haikupangwa pamoja.

Ujenzi na ujuzi wake

Njia ya baiskeli si barabara ndogo ya gari. Ina ujuzi wake, na ujuzi huo umeandikwa na kujaribiwa mahali pengine. Katika vilima na misitu ya Wales, upande wa magharibi wa Uingereza, njia za baiskeli za milimani zimekuwa zikijengwa ndani ya misitu ya umma tangu miaka ya 1990, katika nchi inayonyeshewa sana. Kule mtu huendesha baiskeli kwa burudani. Njia hupewa rangi kwa ugumu wake, kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, na sehemu ikifungwa kwa ajili ya ukataji wa miti, mwendeshaji husoma bango na kushika njia nyingine. Nyuma ya Kalemie, njia ikifungwa, nyanya huoza na mgonjwa hafiki. Lengo ni tofauti, lakini maji yanayoteremka mlimani hufanya kazi ileile kote.

Kanuni za wajenzi wa njia za milimani ni chache na zinaeleweka. Njia isipande mlima moja kwa moja. Ifuate ubavu wake. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima inakopita, la sivyo maji yatashika njia na kuifanya mfereji. Wastani wa mwinuko usipite asilimia 10, na kwa baiskeli iliyobeba magunia hata huo ni mkali mno. Ukingo wa upande wa bonde uwe chini kidogo, asilimia 5 hivi, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Kila baada ya mwendo fulani njia ishuke kidogo kisha ipande, ili maji yaliyokusanyika yatoke hapo. Upana wa mita moja na nusu unatosha wasukuma kinga wawili kupishana kwa kusubiriana, na njia nyembamba ina ardhi ndogo iliyo wazi kwa mvua.

Vijia vya zamani havikufuata kanuni hizo. Vilifuata mguu wa mtu asiye na mzigo, ambaye hupenda kukata moja kwa moja. Mradi unapofungua kijia hichohicho kwa kukifyeka na kukipanua, unapata kilomita nyingi kwa fedha ndogo, na ndani ya masika mawili maji yamekichimba katikati hadi gurudumu halina pa kukanyaga. Kukihamisha na kukipitisha ubavuni mwa kilima huongeza urefu, huhitaji makubaliano mapya na wenye mashamba, na hupunguza idadi ya kilomita zinazomalizika kwa wiki. Msimamizi anayeulizwa kila Jumamosi kilomita ngapi zimefunguliwa atavutwa na kijia cha zamani. Ni jambo la kibinadamu kabisa, na linatokana na swali analoulizwa.

Kazi ya mikono, kwa upande mwingine, ndiyo sehemu inayofanikiwa mara nyingi zaidi. Vijiji vinajua kufyeka, kuchimba mtaro na kupanga mawe. Malipo hufika kwenye familia nyingi, na jembe na koleo hubaki kijijini. Ugumu huanza pale kazi inapohitaji fundi: kuta za mawe, vivuko, madaraja. Mafundi ni wachache na wanahitajika mjini. Saruji inapatikana, tena kuna kiwanda Kabimba, kusini mwa Kalemie kando ya ziwa. Lakini mfuko wa kilo 50 hauna gari la kuupeleka kilomita ishirini ndani ya vilima. Lazima upite kwenye njia ambayo bado haijajengwa. Hubebwa kwa kinga au kichwani, huvushwa kwenye vijito vilevile vinavyosubiri daraja, na ukinyeshewa huharibika. Hiyo ni gharama ambayo makadirio yaliyofanywa kwa bei ya dukani hayaioni.

Kinachobaki nyuma

Tuchukue mfano wa njia ya kilomita 40 yenye vijito tisa. Kilomita 34 ziko mgongoni mwa vilima, udongo ni mzuri, kazi ni kufyeka na kusawazisha. Kilomita sita zilizobaki ziko mabondeni, na humo ndimo vijito vyote tisa vilimo. Mkataba unalipa kwa kilomita. Mkandarasi yeyote mwenye akili ataanza na zile 34. Mwisho wa msimu taarifa itasema asilimia 85 ya njia imekamilika, na itakuwa kweli. Lakini kama kijito kikubwa kisichovukika kipo kilomita 12 tu kutoka sokoni, basi wakati wa mvua kilomita 28 zilizo ng'ambo yake hazimfikishi mtu sokoni. Asilimia hupima urefu. Mtumiaji hupima pale penye ugumu kuliko pote.

Vitu vinavyoelekea kubaki nyuma vinafanana karibu kila mahali. Vivuko hutangulia orodha. Hufuatwa na mitaro ya kutoa maji, kwa sababu njia isiyo na mtaro huonekana nzuri siku ya kukabidhiwa. Kisha mabango ya kuonyesha njia panda na umbali, ambayo kwa mgeni, muuguzi au mfanyabiashara anayepita mara ya kwanza ni kitu cha lazima. Kisha mahali pa kupumzikia penye kivuli na maji. Mwisho kabisa ni matengenezo, ambayo hayabaki nyuma kwa sababu yamesahauliwa. Huandikwa kila mara, ila huandikwa katika sura ya mwisho, na fedha ya sura za mwisho ndiyo inayokatwa gharama zinapokua.

Sehemu za kando ya ziwa zina shida ya pekee. Mto Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Ziwa Tanganyika, nao hutokea Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea, ziwa likajaa, kisha mnamo 1878 kizuizi kikapasuka na maji yakashuka kwa miaka kadhaa. Kupanda na kushuka kwa ziwa si jambo jipya, na mwaka 2024 maji yalipanda hadi kuingia mitaani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Njia inayopangwa ufukweni kwa kipimo cha mwaka wa maji madogo inaweza kupotea kabla ya kutumika. Kuipandisha juu kidogo hugharimu zaidi mwanzoni, na uamuzi huo ni rahisi kuutetea baada ya mafuriko kuliko kabla yake.

Gharama hukuaje

Watu wengi husikia gharama imeongezeka na kufikiri moja kwa moja juu ya wizi. Wizi upo duniani na ukaguzi ni wa lazima. Hata hivyo, mradi unaoendeshwa kwa uaminifu mtupu nao hupanda bei, na ni vizuri msomaji akajua njia zake.

Ya kwanza ni makadirio ya mbali, yaliyokwisha kuelezwa: tope lisiloandikwa, mfuko wa saruji usiobebeka. Ya pili ni kusubiri. Mvua ikisimamisha kazi, mlinzi wa vifaa hulipwa, msimamizi hulipwa, nyumba ya kupanga hulipwa, na hakuna mita inayoongezeka. Ya tatu ni kurudia. Kipande kilichofunguliwa Septemba bila mitaro hukutwa Mei kimemomonyoka, na mradi hulipia kipande kimoja mara mbili. Ya nne ni thamani ya fedha. Mwaka 2015 dola moja ilibadilishwa kwa faranga 920 hivi. Mwaka 2024 ilipita faranga 2,800. Mradi unaovuka miaka kadhaa na bajeti yake ni ya faranga hununua vyuma na mafuta kidogo zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Mkataba ukiwa wa dola, mkandarasi analindwa, ila jimbo au kijiji kilichoahidi mchango wake kwa faranga hubaki na pengo.

Ya tano ni kubadilika kwa mradi wenyewe. Njia ya baiskeli ikianza kuonekana, vijiji jirani huomba kuunganishwa. Ni ombi la haki. Kisha husemwa kwamba ikiwa tunapanua, tupanue kabisa ili lori lipite. Hapo mradi hubadilika jina bila kubadilika bajeti. Lori linahitaji upana wa mita nne au zaidi, kona pana, daraja la kubeba tani kadhaa, na bariyeri ya mvua ya kulizuia lisipite udongo ukiwa umelowa. Mara kadhaa matokeo yake ni njia isiyofaa upande wowote: pana mno kutunzwa kwa jembe, dhaifu mno kubeba gari. Kijiji kinachotaka barabara ya lori kina haki ya kuitaka, lakini hiyo ni kazi nyingine yenye makadirio yake.

Nani anapita

Njia ikifunguliwa, wa kwanza kufika huwa ni pikipiki. Huleta faida ya haraka: muuguzi hufika na chanjo, na mama mwenye uchungu wa uzazi ambaye angebebwa kwa tipoyi na wanaume wanne hufika hospitali mapema. Pikipiki pia huchimba udongo uliolowa kwa kina kuliko gurudumu la kinga, na penye njia nyembamba humlazimisha mwenye mzigo kuingia porini. Miradi mingi hailitaji jambo hili. Mahali lilipozungumzwa mapema, vijiji hukubaliana juu ya sehemu za kupishania na siku za kutopita baada ya mvua kubwa.

Jambo la pili ni malipo ya kupita. Bariyeri ya kamati inayokusanya fedha kidogo ya kununua koleo na kulipa mafundi wa matengenezo ni kitu kimoja; bariyeri nyingi zinazofuatana, kila moja na mlinzi wake, ni kitu kingine. Kwa mtu anayeshusha magunia mawili ya mahindi, faida yote ya safari inaweza kuishia barabarani. Njia inayopitika kwa mguu lakini haipitiki kwa mfuko bado haijamfikia mtumiaji. Mpango unaoandika waziwazi nani anaruhusiwa kutoza, kiasi gani na kwa risiti gani humsaidia msukuma kinga kama daraja linavyomsaidia.

Jambo la tatu ni msitu. Kaskazini mwa Kalemie kuna milima ya Kabobo, ambayo sehemu yake ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2016, na Batwa ni miongoni mwa wanaoishi kwa kuitegemea misitu hiyo. Njia nzuri humleta mnunuzi wa asali na mtalii wa baiskeli; humleta pia mkata miti na mchoma makaa. Si sababu ya kuacha kujenga. Ni sababu ya kukaa na wanaoishi humo kabla njia haijachorwa, na kukubali kwamba kuna mabonde ambayo njia haifai kupita.

Kamati na kiangazi cha pili

Nchini Kongo matengenezo ya njia za vijijini hukabidhiwa kamati za wenyeji, zinazojulikana sana kwa herufi CLER. Zinafanya kazi vizuri zinapolipwa kwa wakati na kupewa vifaa. Zisipolipwa, hubaki kuitwa kwa salongo, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo, na salongo hufaa kwa siku moja ya kusafisha, haifai kwa mtaro unaohitaji kuzibuliwa kila baada ya mvua kubwa kwa miezi saba. Kuzibua mtaro ni kazi ya watu wawili kwa asubuhi moja. Kujaza handaki lililochimbwa na mtaro ulioziba ni kazi ya kundi zima kwa wiki. Kwa hesabu hiyo, mwaka wa kwanza baada ya kukabidhi ndio unaoamua kama fedha ya ujenzi ilitumika au ilipotea.

Utaratibu wa mikataba ya ujenzi nchini tayari una hatua mbili za makabidhiano: mapokezi ya muda kazi inapoisha, na mapokezi ya mwisho baada ya kipindi cha dhamana, ambacho kwa kawaida ni mwaka mmoja. Kwa njia za baiskeli hatua hii ya pili mara nyingi hupita kimya, kwa kuwa hakuna anayerudi vilimani kutazama. Ingepewa uzito wake, ingetosha kujibu sehemu kubwa ya yaliyosemwa hapa. Mkandarasi anayejua kwamba sehemu ya malipo yake itatolewa baada ya masika, na kwamba atakayeulizwa ni msukuma kinga mwenyewe, ataanza na vijito na kuacha mgongo wa kilima uwe kazi ya mwisho.

Kipimo hicho hakihitaji mashine. Mwezi wa Februari, mvua zikiwa bado zinaendelea, mtu mmoja achukue kinga yenye magunia mawili kutoka kijiji cha mwisho na kuisukuma hadi sokoni. Akifika bila kufungua kamba hata mara moja, njia imekamilika, hata kama kilomita zake ni pungufu ya zilizoahidiwa. Akilazimika kushusha mzigo, pale aliposhusha ndipo kazi iliyobaki ilipo, na ndipo fedha inayofuata inapaswa kwenda.

Kwa wanaopanga, ombi ni moja: tieni saini mapema ili kiangazi kikute majembe mkononi, lipeni kwa kivuko kama mnavyolipa kwa kilomita, na wekeni fedha ya matengenezo ya mwaka wa kwanza ndani ya mkataba uleule. Na kwa vijiji vinavyosubiri njia: wajenzi watakapokuja kuuliza njia ipite wapi, wapeni pia orodha ya vijito vyote, jina la kila kimoja na mwezi kinapofungwa na maji, kisha ombeni nakala ya mpango mhakikishe vimeandikwa vyote.